Hadithi ya Moshi na Wembe Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa wembe. Nilikuwa nimetoka Nyamarambe alfajiri na koti la kuazima, nikidhani nitaketishwa mbele ya maikrofoni nianze kutangaza. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nina sauti nzito, na watu wa kwetu walikuwa wameshanijaza kichwa kwamba nchi nzima inaningoja. Fundi Mkuu alinitazama kuanzia viatu hadi tai, akavuta droo, akatoa wembe uliofungwa kwa karatasi, akauweka kiganjani mwangu. Alikuwa mtu wa Pwani, mwembamba, asiye na haraka ya kusema.

"Bwana Mwalimu," aliniambia, "hapa sisi hatusemi. Tunakata. Wasemaji wapo tele."

Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili mjini Kisii, nyuma ya duka la Mhindi mmoja aliyeuza redio na betri. Chumba cha ndani tulikipiga magunia ukutani ili sauti isirudi, tukakiita studio, ingawa mgeni yeyote angedhani ni ghala la mahindi. Hatukurusha matangazo kutoka pale. Kazi yetu ilikuwa kwenda vijijini kunasa hadithi za wazee, kuzihariri, kisha kuzituma kwa basi hadi kituo kikuu, nao wakazirusha kila Alhamisi jioni kwa lugha yetu ya Ekegusii. Kipindi kile kilipendwa sana. Alhamisi Mhindi aliweka redio kubwa kuliko zote juu ya kaunta na kuiacha milango wazi, na watu walijaa hadi barabarani, ingawa yeye mwenyewe hakuelewa hata neno moja.

Ninyi vijana mnaobonyeza simu na sauti ikaingia, niwaeleze kidogo. Kinasa sauti chetu kilikuwa na uzito wa debe la maji. Sauti iliingia kwenye tepu, utepe mwembamba wa rangi ya kahawia uliozungushwa kwenye gurudumu la plastiki. Kuhariri maana yake ilikuwa kuisikiliza tepu ile kwa hedifoni, vile vidude viwili vinavyofunika masikio, ukaisukuma kwa mkono mbele na nyuma hadi uipate sehemu usiyoitaka. Unatia alama kwa penseli ya nta. Unailaza tepu kwenye kibao chenye mfereji, unakata mshazari kwa wembe, kisha unaunganisha ncha mbili zilizobaki kwa gundi ya karatasi. Ukikata vizuri, msikilizaji hajui kama kuna kitu kilichoondoka. Fundi Mkuu alisema fundi mzuri ni yule ambaye kazi yake haionekani, na mimi nikaliamini neno hilo kwa miaka mingi kuliko ilivyonifaa.

Vipande vifupi vilivyokatwa vilikwenda kwenye debe la taka. Vile virefu havikutupwa, maana tepu ilikuwa adimu. Tuliviunganisha pamoja hadi vikajaza gurudumu, likapelekwa kituo kikuu kupitishwa juu ya sumaku ya kufutia, na tepu ikawa mpya tena. Yaliyokuwamo yalikuwa yamekwenda zake. Mambo ya tepu naweza kuyasimulia hadi mkachoka, lakini hilo la kufuta ndilo ninalotaka mlikumbuke.

Kulikuwa na sheria moja tu iliyotoka juu: hadithi iwe dakika kumi na tatu. Kipindi kizima kilikuwa robo saa, na dakika mbili zilikuwa za muziki na maneno ya mtangazaji. Sasa nenda kamweleze bibi wa miaka themanini kwamba ana dakika kumi na tatu. Bibi zetu walisimulia kwa kadiri ya kuni zilizokuwa jikoni. Walirudia wimbo mara nne, mara tano, walinyamaza wangoje wajukuu waitikie, walikohoa, walimkemea mtoto aliyesinzia, kisha wakaendelea pale pale. Yote hayo mimi niliyakata. Wimbo wa mara tano niliufanya mara moja. Kuitikia kwa watoto nilikuondoa, kwa sababu kulisikika kama kelele.

Mkuu wa Vipindi, aliyekuwa bosi wa sote kule kituo kikuu, alitutembelea mara moja kwa miezi mitatu. Alikuwa mtu wa suti nyeusi na kitambaa cheupe mfukoni, msomi, mpole, anayekupa kiti kabla ya kukukosoa. Siku moja alisikiliza kazi yangu, akavua hedifoni, akasema sauti ni safi lakini hadithi haina mwisho. Nikamwambia ndivyo bibi alivyoimaliza. Akatabasamu. "Bibi ni wa kijiji chake," alisema. "Sisi ni wa taifa. Kila hadithi imwachie msikilizaji funzo." Tangu siku ile nikawa naandika sentensi mbili tatu za kuunganishia, mtangazaji akazisoma, na funzo likapatikana hata pale ambapo halikuwapo.

Kuna mzee mmoja wa Tabaka, mchongaji wa mawe, aliyetaka kunifungua macho mapema, nami sikufunguka. Tulimkuta anachonga kiboko kwa jiwe la sabuni huku akisimulia, na kisu chake kilikuwa kikikwaruza kwenye tepu. Nilimwomba aweke jiwe chini. Akaliweka, akafuta mikono, akafungua kinywa, na hadithi ikampotea. Alitutazama kwa aibu. Tulipomrudishia jiwe lake na kisu, hadithi ikarudi pale pale ilipokuwa. Tulicheka njia nzima hadi mjini, kisha nikakaa siku mbili nikiondoa mikwaruzo.

Sasa nifike kwa mama mkwe wangu.

Mke wangu Kerubo ni wa Sironga, karibu na Nyamira. Nilipomwoa nilikuwa tayari kazini, na watu walinitania kwamba nimeoa nyumba ya hadithi, kwa sababu mama yake alikuwa msimulizi ambaye watoto walitoka vilima viwili mbali kuja kumsikiliza. Hadithi yake iliyosifika kuliko zote iliitwa ya Moshi. Mimi peke yangu sikuwahi kuisikia, wala nisingeweza kuisikia. Kwetu Kisii kuna heshima tunayoiita chinsoni. Mkwe na mama mkwe hawaketi chumba kimoja, hawali pamoja, hawashikani mikono, na juu ya yote, haifai mmoja kumsikia mwenzake akitaja mambo ya mwili, ya ndoa au ya uzazi. Si chuki hata kidogo. Mama yule alinipenda, na nililijua pendo lake kwa ndizi za kuiva alizonitumia kila Kerubo aliporudi kwao. Lakini katika miaka yote ya kumjua, sijui rangi ya macho yake.

Mkuu wa Vipindi alipopata habari za hadithi ya Moshi, alitaka niilete. Nilisitasita. Kerubo ndiye aliyesema inawezekana. Alimwendea mama yake, wakazungumza, na jibu likaja kwamba mama amekubali, mradi mpango uwe wa heshima.

Tulikwenda jioni moja jua likiwa bado juu ya kilima. Mama mkwe aliketi jikoni kwake na moto umewashwa na wajukuu wamemzunguka. Kerubo aliketi kando yake akishika maikrofoni. Waya ulipita chini ya mlango hadi nyuma ya jiko, kwenye migomba, nilikokuwa nimekaa juu ya kigoda na mashine yangu na hedifoni masikioni. Nilijiona nimepata ufumbuzi wa busara sana. Ukuta wa udongo ulikuwa kati yetu, na heshima ilikuwa mahali pake.

Hadithi ilianza. Mama mmoja alikuwa na binti wa pekee aliyeolewa ng'ambo ya mto, kwenye kilima cha pili. Siku ya kuagana walipeana ahadi. Kila asubuhi mama atawasha moto na kuutazama moshi wa bintiye, na binti atautazama wa mama. Maadamu mioshi miwili inapanda, kila mmoja ajue mwenzake yu salama. Ikawa hivyo msimu hata msimu. Asubuhi moja mama akatoka nje, akatazama kilima cha pili, na moshi haukuwapo. Akafunga kitambaa kiunoni akashuka mtoni. Akauuliza mto, kwa wimbo, kama umemwona mwanawe, na wajukuu wakaitikia. Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo kidogo, na alipoimba ilinipita hadi mgongoni. Nilisahau kutazama mashine.

Kisha akasema kwamba binti yule alikuwa na mimba, na miezi ilikuwa imetimia, na usiku uchungu wa uzazi ukamshika akiwa peke yake. Akaanza kueleza uchungu ule. Nikavua hedifoni upesi kama mtu anavyofunga mlango alioufungua kwa makosa. Niliziweka mapajani, ukuta ukinipitishia mvumo tu, na kuangalia sindano ya kupimia sauti, ikiinuka na kushuka, hadi nilipoona imelala. Nilivaa tena nikakuta mama wa hadithi yumo nyumbani mwa bintiye, anakusanya majivu, anapuliza moto hadi unawaka, na anasema, "Amka, mwanangu, kumekucha." Wajukuu hawakusema kitu. Hadithi ikawa imekwisha.

Tulipokuwa tukifunga vitu, Kerubo alinijia kwenye migomba macho yake mekundu. Nilidhani ni moshi wa jikoni.

"Umesikia?" aliniuliza.

"Sauti imeingia vizuri," nikamjibu.

Nimelirudia jibu hilo moyoni mara nyingi. Lilikuwa jibu la fundi, na yeye alikuwa ameuliza swali la mke.

Studioni, nilipoipima tepu, ilikuwa dakika ishirini na nne. Nilipofika kwenye uchungu wa uzazi nilivua tena hedifoni. Nilikuwa peke yangu chumbani, mlango umefungwa, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Lakini chinsoni haingoji mashahidi, na sauti ile kwangu ilikuwa mama mkwe mwenyewe amesimama pale. Nilitia alama pale uchungu ulipoanza, nikaiacha tepu izunguke kimya huku nikitazama sindano hadi ilipolala, nikatia alama nyingine pale alipoanza kukusanya majivu. Nikakata. Kilichoondoka kilikuwa dakika kumi na moja. Kilichobaki kilikuwa kumi na tatu kamili. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, kwa sauti, na nisingependa kulificha.

Lakini palibaki pengo. Moshi haukuonekana, mama akavuka mto, akafika, akamwamsha binti. Kwa nini binti hakuwasha moto? Nilikaa na penseli. Nikakumbuka funzo la Mkuu wa Vipindi. Nikaandika sentensi mbili za mtangazaji: kwamba mama alimkuta bintiye bado amejifunika blanketi, jua limeshapanda, kwa kuwa alikuwa amezoea uvivu huko alikoolewa. Kisha ikafuata sauti ya mama mkwe wangu mwenyewe: "Amka, mwanangu, kumekucha." Ilikaa vizuri mno. Hata Fundi Mkuu, aliyekuwa mgumu wa kusifu, aligonga meza kwa kidole mara moja. Kipande cha dakika kumi na moja nikakiweka pamoja na vingine vya kufutwa.

Kwa nini sikumuuliza Kerubo? Alikuwa ameketi mle ndani, aliisikia yote, na tulilala kitanda kimoja. Nimejitafutia sababu nyingi. Ukweli ni kwamba nilijiona ninajua kazi yangu, na basi la tepu lilikuwa linaondoka kesho yake.

Alhamisi tulisikiliza nyumbani, mimi na yeye na binti yetu Nyaboke aliyekuwa bado mgongoni. Kerubo alikuwa akimenya ndizi. Nilimtazama nikingoja tabasamu. Mtangazaji aliposoma zile sentensi mbili, kisu kikasimama. Ndizi ile hakuimaliza. Jumamosi, siku ya Sabato, alikwenda kusali kwao, na Jumapili aliporudi kutoka Sironga alimlaza mtoto, akaketi mbele yangu.

Alinieleza pole pole, bila kupandisha sauti. Alikuwa na dada mkubwa, Moraa. Mimi nilijua tu kwamba dada huyo alifariki, kwa sababu mkwe haelezwi zaidi ya hapo. Moraa alikuwa ameolewa na karani wa mashamba ya chai, mbali upande wa Kericho. Alifia kwenye uzazi usiku mmoja, mumewe akiwa kazini, na habari zilifika Sironga kaburi likiwa limeshafunikwa. Mama hakuuona mwili. Wazee wa kanisa walimwambia asilie kama watu wasio na tumaini, na yeye ni mtu wa kutii, akatii. Hadithi ya Moshi aliirithi kwa mama yake, na zamani ilikuwa na mwisho mwingine. Tangu kifo kile aliisimulia hivi, binti akifa kwenye uzazi, na katikati yake aliweka wimbo mrefu ambao ndani yake alimtaja Moraa kwa jina, mara nne, na wajukuu wakamwitikia kila mara.

"Hapo tu ndipo alipomlilia," Kerubo alisema. "Alikubali mashine yako kwa sababu alitaka Moraa aliliwe na nchi nzima. Wewe umemzika mara ya pili, na umemwita mvivu."

Nikamwambia sikusikia, nilivua hedifoni kwa heshima.

"Ungeniuliza," alisema, akaenda kulala.

Kabla ya hapo alikuwa amenisimulia pia jinsi ilivyokuwa Sironga Alhamisi ile. Majirani walijaa nyumbani kwa shemeji yangu kusikiliza. Waliposikia "Amka, mwanangu," watu walicheka, na wajukuu wakacheka zaidi, wale wale walionyamaza jikoni. Mama mkwe alisimama akatoka nje. Walidhani amekwenda kutazama ng'ombe.

Jumatatu nilipanda basi la kwanza kwenda kituo kikuu, kwa sababu magurudumu ya kufutwa yalikuwa yametangulia huko. Mtunza Tepu alikuwa mama mnene mwenye daftari safi kuliko lolote nililowahi kuliona. Alipitisha kidole kwenye mistari, akafika kwenye gurudumu letu, akanitazama kwa huruma. Lilifutwa Ijumaa. Jumamosi lilitumika kunasia hotuba za maonyesho ya kilimo. Nilimwomba anichezee hata hivyo. Alinichezea. Nilisikiliza gurudumu zima kwa hedifoni, nikitafuta chini ya zile hotuba hata pumzi moja ya mama mkwe wangu, na nilichokipata ni bwana mmoja akieleza namna ya kuogesha ng'ombe.

Nilipokuwa bado pale, Mkuu wa Vipindi aliniita. Alinipa kiti. Barua zilikuwa zimeanza kuja, walimu wanaisifu hadithi ya Moshi, wanaomba irudiwe. Nilimweleza yote. Alisikiliza hadi mwisho, maana alikuwa mtu mwema. Kisha akasema, "Pole sana. Lakini watu wameipenda hivi ilivyo. Hiyo nyingine ni msiba wa nyumba moja." Ilirudiwa mara tatu mwaka ule. Mimi nikapandishwa cheo kuwa Mhariri Msaidizi na kuhamishiwa kituo kikuu, kwa ajili ya hadithi hiyo.

Nilimtuma Kerubo kwa mama yake na maneno haya: nitarudi na tepu mpya, kigoda changu kitakuwa kule kule kwenye migomba, na safari hii sitakata kitu, nikifukuzwa kazi na nifukuzwe. Alirudi na jibu. Mama alikuwa amesema, "Mwambie mkwe wangu kwamba hadithi nilimpa. Sina nyingine." Hakulisema kwa hasira, Kerubo aliniapia. Alilisema akichambua nafaka ya wimbi.

Baadaye nikajua kwamba alikuwa amejaribu. Aliketi na wajukuu jikoni kama kawaida, akaanza Moshi, na alipofika kwenye uchungu mmoja wao akamkatiza. "Magokoro, umekosea," mtoto alimwambia bibi yake. "Redio inasema alikuwa amelala." Wengine wakamuunga mkono. Mmoja akaimaliza mwenyewe kwa sauti ya mtangazaji, zile sentensi zangu mbili, bila kukosea neno. Bibi akawaambia vema, kumbe mnaijua. Hakuisimulia tena, na baada ya muda hakusimulia hata zile nyingine. Watoto wa vilima viwili wakaacha kuja, maana Alhamisi walikuwa na redio.

Sentensi zangu zilienea kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Shule moja iliigiza Moshi kwenye mashindano, na binti mvivu alikoroma jukwaani hadi majaji wakafuta machozi ya kicheko. Walimu waliwauliza wachelewaji, "Kwenu leo moshi haukupanda?" Nilikuwa nikilisikia hilo sokoni, kwenye basi, hata kanisani.

Mama mkwe alifariki katikati ya miaka ya sabini, wakati wa mvua ndefu. Tulizika Sironga. Mimi nilisimama mbali, pale wakwe wanaposimama. Mchungaji alikuwa kijana, na alitaka kumsifu marehemu kwa kitu ambacho watu wote wanakijua. Akasema mama huyu ndiye aliyetufundisha kupitia redio kwamba binti wa Kikristo haachi jua limkute kitandani. Akarudia maneno yake, "Amka, mwanangu, kumekucha," na waombolezaji wakatabasamu kwa upendo. Nilikuwa mtu pekee pale ambaye angeweza kusema kwamba maneno hayo aliambiwa maiti. Nilifungua kinywa. Nikaona wazee, nikaona watoto wake, nikafikiri mkwe anatajaje uzazi mbele ya kaburi la mama mkwe. Nikakifunga. Ile ilikuwa mara ya pili kwa heshima kunizuia, na mara hiyo nilijua ninachokizuia.

Kerubo hakunitazama. Alikuwa akitazama udongo.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Nilikuwa Mhariri, kisha Mhariri Mkuu, nikawa na kiti cha kuwapa vijana kabla ya kuwakosoa. Niliweka sheria ofisini kwangu kwamba hakuna atakayekata kitu asichokisikiliza hadi mwisho, na kwamba msimulizi ataulizwa kabla ya mtangazaji kuandikiwa. Vijana waliniona mzee wa vikwazo. Sheria zile zilinifuata mlangoni siku ya kustaafu, na nasikia mwezi uliofuata hazikuwapo.

Mtaniuliza, basi hadithi zisitiwe redioni, zisiandikwe, zibaki jikoni ziishe na wazee? Sijui. Wapo watu wa Tabaka na Nyamarambe ambao hadi leo wana hadithi za babu zao kwa sababu mimi nilibeba ile mashine mgongoni. Ninachojua ni kwamba hadithi ya jikoni ina watu wake, wanaojua inamlilia nani na wapi pa kunyamaza. Ukiitoa mlangoni, hao hawatoki nayo. Lazima uwaulize kabla hujakata, na ukishawauliza unaweza kukuta hakuna cha kukata.

Sasa tumezeeka, mimi na Kerubo, tunakaa kwetu Nyamarambe. Likizo wajukuu wanakuja, na kuna jioni wanazima simu zao wakamwomba bibi hadithi. Miaka mingi hakuigusa Moshi. Mwaka huu, bila mtu kumwomba, aliianza. Nilikuwa mle jikoni, na sasa hakuna heshima ya kunitoa, hao ni wajukuu wangu na huyu ni mke wangu. Nikasikia mimba, nikasikia uchungu, nikasikia usiku ule, mambo niliyoyapita kwa kutazama sindano. Akafika kwenye wimbo. Akamtaja Moraa mara ya kwanza, wajukuu wakaitikia. Akamtaja mara ya pili. Mara ya tatu alilitaja jina na sauti ikasimama. Alijaribu tena kutoka juu, akafika pale pale. Maneno ya mama yake baada ya jina yalikuwa yamempotea.

Akageuka akanitazama, kwa desturi tu, kama unavyomtazama mtu aliyekuwa na mashine. "Baba Nyaboke," aliniuliza, "hapa mama alisemaje?"

Watoto wote wakanigeukia, wakingoja.